Tulikuwa Tunaenda Mtoni

Likasi, Jumanne

Mpendwa Yaya Sifa, dada yangu mkubwa,

Hamjambo huko Moba? Magoti ya Mama yanasemaje? Ziwa bado liko mahali pake, au nalo wamelichukua? Nauliza kwa sababu huku mtu akiona una kitu kizuri anakichukua, tena anamshukuru Mungu kwa niaba yako. Mimi mwili ni mzima. Neema ni mzima, anakula, anaongea kama redio. Lakini habari za moyo usiniulize. Nimekasirika, Yaya, nimekasirika kweli, na ndiyo maana sikukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza, ungesema, "Feza, tulia kwanza." Sasa soma mpaka mwisho, maana sitaki kutulia.

Unajua Baba Neema anachimba shaba mbali, anarudi nyumbani mara mojamoja. Anafika amechoka, analala, na mtoto akianza tu kumzoea, gari la wenzake linapiga honi na yeye huyo, ameondoka. Neema ana miaka minne sasa. Unajua anamwitaje baba yake? Tonton, yaani mjomba. Kama wanaume wote wanaopita hapa kuomba maji ya kunywa. Safari iliyopita alijificha nyuma ya madumu akaniuliza kwa sauti, "Mama, ule tonton atarudia kwake lini?" Baba Neema alicheka, lakini kwa meno tu. Tulipobaki wawili akaniambia, "Feza, fanya namuna. Mutoto yangu hatakomala bila kunijua."

Nikatukumbuka sisi. Baba tulimjulia wapi, Yaya, kama si ndani ya yale maji? Jumapili alikuwa anatubeba mgongoni, anaingia ziwani mpaka maji yanamfika shingoni, na sisi tunapiga kelele tumemshika masikio. Mimi mpaka leo nikifumba macho nayaona yale masikio. Basi nikamwambia mume wangu: tutafute mahali penye maji, pa karibu, Jumamosi na Jumapili, sisi watatu tu.

Na majira yenyewe yalikuwa yanaita. Mvua bado, vumbi limejaa hata kwenye sahani, lakini ukitoka mjini kidogo tu miti imeanza kutoa majani mapya, yale yanayoanza mekundu kabla ya kuwa kijani. Msitu mzima umebadilika rangi. Tulichagua kwa simu, mimi na yeye, kama wachumba. Yeye alitaja Mulungwishi. Ni kweli kuna miti na utulivu, lakini alisoma huko, kila nyumba ingemwita kula, na mtoto angebaki na mimi. Nikasema Koni. Kule kuna mto Lufira, kuna kivuli, na rafiki yake mmoja angetupa chumba. Akakubali, "Koni, njo vile." Neema akatangaza mtaa mzima. Nilimsikia uani akimwambia mtoto wa jirani, "Minye naenda ku mayi mingi! Weye uko na mayi ya ndoo tu!"

Sasa sikia kosa. Aliporudi nyumbani, mume wangu alienda kumuaga kaka yake.

Kwao ni hivyo: mdogo hatoki kulala nje ya mji na familia yake bila kumwambia mkubwa. Sikatai, heshima ni heshima. Lakini mkubwa mwenyewe ni shemeji Kalenga, kiongozi wa kikundi cha maombi, na huyo hata ukimwambia unaenda chooni atakufuata na chupa ya mafuta ya upako. Ijumaa jioni akaja, Biblia kwapani. Akakaa, akanywa chai yangu, akasema, "Ku mayi? Mu mwezi hii? Niliona ndoto. Mayi iko na bapepo mubaya. Bantu ba Mungu banapanda mulima, habashuke ku mayi."

Nikamuuliza, "Na Yesu alibatizwa wapi, shemeji? Juu ya jiwe?" Baba Neema akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kesho yake gari lililokuwa lituchukue sisi watatu likaja limejaa kikundi kizima. Kuku wangu, sombe yangu ya majani ya muhogo, bukari niliyosonga kwa unga wa mahindi alfajiri na kuifunga kwa kitambaa isipoe, vyote vikapakiwa kama sadaka. Na unajua walitupeleka wapi? Mlima mmoja upande wa Buluo. Buluo, Yaya! Kwenye ile jela kubwa! Mimi niliyeomba mto nikapewa paa la jela, linang'aa juani mbele yangu mchana kutwa. Majani mekundu yalikuwepo, sisemi uongo, lakini hakuna aliyeyatazama. Wote walikuwa wamefumba macho.

Tulipofika tu shemeji akatangaza mfungo mpaka jua lizame. Wanaume juu, wanawake na watoto chini. Vyungu vyangu vikawekwa kando ya jiwe, na mama mmoja akapewa kazi ya kuvilinda, akakaa hapo kama askari. Umeelewa, Yaya? Safari niliyoipanga ili mtoto akae na baba yake, wakawatenganisha tangu asubuhi. Neema alikuwa anamwona kwa mbali tu, anapiga ngumi hewani pamoja na wenzake, mishipa ya shingo imemsimama. Akanivuta kitenge. "Mama, ule tonton anagombana na nani?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, na hapo ndipo shemeji alipogeuka akashuka kwetu. Kumbe Baba Neema, kwa tabia yake ya kumwambia kaka yake kila kitu, alikuwa amemwambia hata hili la tonton. Shemeji akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanangu, mkono mzito ule, akasema mbele ya watu wote, "Huyu mutoto iko na kintu. Njo ile kintu inafukuza papa yake ku nyumba."

Yaya, unajua neno hilo, la kumwita mtoto mchawi, linafanya nini huku. Wale watoto wanaolala sokoni si wote yatima. Wengine wana mama, wana baba, wana nyumba kabisa. Mtu mmoja tu alisema "iko na kintu", na mlango ukafungwa. Mtoto wa miaka minne! Kosa lake ni kutomjua mtu asiyemwona! Nikafungua mdomo nimtukane yeye na ukoo wake wote, ukoo ambao mimi mwenyewe nimeuzalia, na kabla sijatoa neno nikamwona Baba Neema anateremka.

Mume wangu unamjua. Maisha yake yote hajawahi kumjibu kaka yake. Akiambiwa kaa, anakaa. Nikajua anakuja kusaidia kumshika mtoto ili aombewe, nikasema moyoni, basi, leo nimewapoteza wote wawili. Lakini alimpita kaka yake bila kumtazama. Akaenda mpaka kwenye vyungu, akamwambia yule mlinzi kwa upole, "Simama, mama." Akakaa chini, akafungua kitambaa, akanawa mikono kwa maji ya chupa, akakata tonge. Kisha akaita, "Neema. Kuya tukule."

Hata waliokuwa wanaimba waliacha. Neema akanitazama, nikamtoa mkono kwenye kitenge changu, akaenda. Akakaa katikati ya miguu ya baba yake, akafungua mdomo. Walikula, tonge moja la mtoto, tonge moja la baba, bukari imepoa, mbele ya watu waliofunga, na shemeji amesimama juu yao na Biblia yake. Walipomaliza, Baba Neema akamweka mtoto mgongoni. Shemeji akamwambia mdogo wake, "Ilunga, achia huyu mutoto hapa." Akamkatalia kaka yake, "Nakatala, yaya." Ni hayo tu. Tukashuka kwa miguu mpaka barabarani, na mimi nalia kwa hasira, na mpaka leo najuta sikuimwaga ile chupa ya mafuta.

Mto hatukuuona. Jumatatu ile akarudi machimboni, wiki imepita sasa.

Ungedhani yameisha. Thubutu! Sasa wanasema ni mimi niliyemharibu mume. Wanataka nipeleke kuku kwa shemeji, nipige magoti, niombe msamaha, halafu Neema akalale kwake, afunge na kuombewa mpaka hicho kitu kitoke. Wamnyime mtoto chakula, waseme hiyo ni sala! Nimewaambia magoti yangu yana kazi nyingine. Wakikupigia simu kukuambia Feza amepata kichaa, waambie ndiyo, alizaliwa nacho.

Jana shemeji alikuja mwenyewe kumchukua, na mama wawili nyuma yake. Nilisimama mlangoni na mwiko wa bukari mkononi. Sikuwa nimepanga, nilikuwa napika, lakini sikuushusha pia. Akaniruka mimi, akainama, akatabasamu kwa mtoto: "Neema, kuya, tuende kwa tonton."

Neema akatoa kichwa nyuma ya kitenge changu. "Papa alikatala."

"Papa gani?"

"Papa yangu. Ule tulikula naye."

Wale mama wawili wakatazama chini. Mimi nikafunga mlango.

Nilimpigia simu baba yake nikamsimulia neno kwa neno. Kisha akasema, "Sema tena vile alisema." Nikarudia. Halafu akasema nikianza kuona mawingu nimwambie, maana anataka kurudi kabla mvua haijachafua mto, twende Koni, sisi watatu.

Nisalimie Mama, umwambie magoti asiyapake mafuta ya mtu yeyote, apake ya mawese tu. Msalimie shemeji yangu mzuri, yaani mume wako, ambaye hajawahi kuota ndoto juu yangu. Msalimie Mama mdogo Josephine aliyenifundisha kusonga bukari isiyopoa upesi, na mjomba Kisimba, mkubwa wetu, umwambie namheshimu sana kwa sababu anatuacha tuishi. Wote waambie hasira zangu zote, usipunguze hata moja. Ila hilo la Koni usimwambie mtu. Safari hii hatuagi.

Ni mimi mdogo wako, mama yake Neema, ambaye bado sijatulia,

Feza