Mwanafunzi wangu wa zamani aliniona nikizaa

Mupendwa mama Fortunée, naomba shauri lako, lakini usisome jina langu redioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya musingi hapa Alunguli, mimba yangu iko na miezi minane, na mutoto wa kwanza nilimuzalia ng'ambo ya muto, kwenye hopitali kubwa wanakofundishia madaktari, na siku ile, nikiwa katika uchungu, wakaingia wanafunzi tisa na makoti meupe, na wa tisa njo Blaise, yule niliyemurudisha darasa la sita sababu ya hesabu, akasimama miguuni pangu akasema, "Sukuma, mwalimu! Usiogope!", nikatamani kitanda kinimeze, kisha nikavuja damu sana, wakaniongezea mifuko miwili, nikapona, lakini tangu siku ile nikimuona Blaise sokoni najificha nyuma ya magunia ya muhogo, naye anapaza sauti, "Mwalimu, mutoto anaendelea?" Sasa nataka kuzalia maternité yetu ndogo ya hapa, kwa mukunga Mado, aliyemuzalisha mama yangu mara mbili wakati wa vita, na mama anasema, "Mimi nilizaa risasi zikilia, bila daktari hata mumoja!", lakini bwana yangu Octave amekasirika, anasema nitamuachia watoto wawili bila mama sababu ya aibu. Nifanye nini?

Mwalimu wa Alunguli

Mwalimu, pole sana. Watu tisa ni korali, si uzazi! Lakini wewe uliyemurudisha kijana wa watu sababu ya hesabu, hesabu yako mwenyewe iko wapi? Aliyevuja damu mara ya kwanza anaweza kuvuja tena. Jana nilivuka muto, nikamuuliza Mado bila kutaja jina. Alinijibu hivi: "Wengi nawapokea na furaha. Huyo, hapana. Hapa sina damu ya kuongezea. Wakati wa vita nilizalisha wote kwa sababu hatukuwa na njia, na wawili walikufa mikononi mwangu."

Mama yako alipona, tumushukuru Mungu. Hao wawili hawawezi kukushauri.

Kwa hiyo endelea na vipimo kwa Mado, lakini wiki tatu kabla ya siku yako uvuke, ukae kwa ndugu karibu na hopitali. Usingoje kutafuta pirogue ya kuvukia ukiwa na uchungu. Ukifika, umuambie daktari mukubwa: mwanafunzi mumoja tu, mwanamuke, na Blaise abaki inje. Uko na haki ya kukataa, sema bila aibu. Na Octave asikae nyumbani kukasirika: wiki hii hii aende kupimwa damu, tuone kama yake inakufaa.