Nyumba Inayotoka Jasho

Jumatatu, 5 Mei

Nimepangusa kuta tena. Kitambaa cha kwanza, kimelowa chapachapa. Cha pili, chapachapa. Ukuta wa upande wa kitanda unatiririka kabisa. Mabati nayo yanadondosha matone juu ya neti. Nje mvua imekatika tangu alfajiri. Humu ndani bado inanyesha.

Nyumba mpya hii. Opio, mume wangu, aliimaliza mbio mbio tulipoambiwa kwamba tumboni wako wawili. Matofali ya kuchoma, plasta, rangi ya mafuta, sakafu ya simiti. Watu wa hapa kijijini Paya walikuja kuishangaa. Plasta haikupewa hata nafasi ya kukauka. Masika yakaingia, na sisi tukaingia.

Sasa mimi ni Nalongo, mama wa mapacha, na Nalongo hatoki. Ndivyo ilivyo huku Tororo, na kwetu Busia upande wa Kenya ni hivyo hivyo. Mimi na wanangu, Apio binti na Odongo mvulana, tunakaa ndani mpaka watu wa kwetu waje na ngoma watufungulie mlango. Mama mkwe ndiye anayeingia na kutoka. Anapenya, anarudishia mlango. Mila siipingi. Nilikua nayo. Ila maji haya yatanitambua.

Jumatano, 7 Mei

Simu kutoka nyumbani. Baba mdogo amefariki.

Nimelia. Halafu nikakumbuka kinachofuata, nikalia upya. Aliyetoka matangani hakaribii mapacha. Baba, shangazi, kaka zangu, wote wako matangani. Hawawezi kuja mpaka wamalize na wajisafishe. Kwa hiyo mlango utangoja.

Odongo ameanza kukohoa. Apio ni mnene, ana sauti ya kuita ng'ombe. Odongo alizaliwa wa pili, mdogo, vingumi vyake kama njugu. Kikohozi chake hakisikiki ukiwa mbali. Mimi nakisikia.

Mama mkwe naye alikisikia. Akaongeza makaa kwenye jiko, humu humu chumbani. Juu yake sufuria ya maji ya kuoga, inachemka kutwa. Juu ya sufuria kamba za nepi, kwa sababu nguo za mapacha hazianikwi nje zikaonwa na kila jicho. Na matundu ya hewa juu ya madirisha ameyaziba kwa magunia. Mvuke wa maji, mvuke wa nepi, pumzi zetu. Vitoke wapi?

Eti usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyesema hivyo hakuingia nyumba hii. Tumeziba kila ufa na mtoto anakohoa.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekaa nikafikiri. Mimi ni muuza omena, dagaa wa ziwani. Unyevu si mgeni kwangu. Gunia la omena ukilifunga bado lina joto, unamwaga. Ukiliweka sakafuni bila mbao, unamwaga. Ukiliegemeza ukutani, unamwaga. Omena inapewa hewa pande zote. Wanangu je?

Nikakivuta kitanda.

Nyuma yake kuvu. Nyeusi, kutoka sakafuni mpaka usawa wa godoro. Na Odongo hulala upande ule ule. Hasira kwa fundi, hasira kwa Opio, hasira kwangu mwenyewe niliyelala hapo nikijiona bibi wa nyumba ya matofali.

Nimesugua kwa sabuni na maji mpaka mgongo ukakataa. Kitanda nimekiweka katikati ya chumba. Mama mkwe alipoingia akacheka mpaka akashika kiuno. Kwao wanaongea Kidhopadhola, lakini mimi huniongelesha Kiswahili chake cha sokoni.

"Nalongo, kitanda nakwenda wapi? Nasafiri Kenya?"

Nikacheka pia. Nikaona nafasi, nikamwomba atoe magunia kwenye matundu. Kicheko kikaishia hapo hapo.

"Hapana. Baridi nakuja."

Jumamosi, 10 Mei

Opio amekuja kutoka Malaba, anakopakia na kupakua malori. Nikamwonyesha ukuta. Nikamwonyesha mabati. Akakuna kichwa. Akasema nivumilie, si unamjua Mama.

Namjua. Na najua kwa nini. Huku jina linatosha kueleza. Pacha wa kwanza akiwa mvulana ni Opio, wa pili ni Odongo. Mume wangu ni Opio. Odongo wake, pacha mwenzake, alikufa akiwa mchanga, na hapa nyumbani hakuna anayemtaja. Basi naelewa vizuri sana. Lakini kuelewa hakukaushi ukuta.

Nimemtuma Opio chumvi ya mawe. Nimeijaza kwenye beseni, nikaliweka chini ya kitanda. Stoo yangu ya Busia niliilinda hivyo kila masika.

Jumapili, 11 Mei

Chumvi imelowa chapachapa. Ndani ya beseni kuna kidimbwi. Nikamwita Mama mkwe, nikaliinamisha beseni aone. Akachovya kidole, akaonja. Akauliza nani kamwaga maji humo. Nikamwambia hakuna aliyemwaga. Yametoka hewani, hewa hii hii anayoivuta mtoto.

Akatazama beseni, akatazama mabati. Nikasema leo leo, ameona.

"Chumvi ya Kenya mbovu," akasema, akatoka.

Lo! Nilitamani kulirusha lile beseni limfuate. Sikulirusha. Nimeweka chumvi nyingine. Kisha nikaliburuta jiko mpaka kizingitini. Akalirudisha. Nikalitoa. Akalirudisha. Tumeshinda hivyo, wanawake wazima, jiko linakwenda na kurudi. Atachoka yeye. Mimi sichoki.

Jumanne, 13 Mei

Naandika kutoka wodini, Tororo.

Asubuhi Odongo alikataa titi. Anapumua haraka haraka, na kila akivuta, ngozi chini ya mbavu inabonyea. Sikungoja. Nikamfunga kifuani kwa leso, nikaelekea mlangoni. Mila inisamehe au isinisamehe.

Mama mkwe alikuwa kasimama pale, mkono mmoja kila upande. Nilikuwa tayari kumsukuma. Naliandika hilo kama lilivyo. Nilikuwa tayari.

Ndipo akasema. Mtoto wake aliyekufa alikuwa katika nyumba ya nyasi, masika kama haya. Mgeni akaufungua mlango kabla ya siku yake, upepo ukaingia, kikohozi kikaanza, na wiki haikuisha. Alisema yote haya akiwa ameushika mlango, hatazami uso wangu.

Nikamwambia, "Mama, wako alichukuliwa na baridi. Huyu anachukuliwa na maji. Nyumba yako ya nyasi ilikuwa inapumua yenyewe. Hii ya kwetu tumeikaba koo. Nipishe."

Hakunipisha. Alifunua leso akakitazama kifua cha mtoto kikipanda na kushuka. Alikitazama sana. Kisha akausukuma mlango kwa mgongo ukajifunga. Nikajua basi, tunapigana. Kumbe anapita. Akaenda moja kwa moja hadi dirisha la nyuma, lile ambalo fundi bado hajaliwekea vyuma. Mbao zilikuwa zimevimba kwa unyevu. Akalipiga bega mara ya kwanza, likagoma. Akalipiga tena likafunguka, na mwanga wote ukaingia.

"Mlango hapana fungua," akasema. "Hapa napita."

Yeye akapenya mlangoni, akazunguka nje akanyoosha mikono. Nikampa Odongo, nikampa Apio. Kisha mimi, mzazi mbichi, leso kiunoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, nikakwama. Nalongo mzima! Jirani aliyekuwa akipalilia mihogo akaangusha jembe. Mama mkwe akamfokea atazame shamba lake. Akanipa bega lake nikashuka.

Tukapata bodaboda mbili. Mimi na Odongo mbele, yeye na Apio nyuma. Nilimsikia njia nzima akimgombeza dereva wake kwa Kidhopadhola. Zahanati hawakutuweka hata kidogo, wakatupa gari la kuja Tororo. Nimonia. Wamemchoma sindano, wamemwekea oksijeni puani. Daktari anasema tumewahi, lakini hasemi zaidi ya hapo. Mama mkwe amekaa mkekani, amempakata Apio. Naogopa. Naogopa sana.

Ijumaa, 16 Mei

Amenyonya! Kidogo, akapumzika, akanyonya tena. Nimelia mpaka nesi akadhani kuna msiba.

Daktari aliuliza nyumbani analala wapi. Nikaeleza: plasta mbichi, jiko, sufuria, nepi, magunia, kuvu. Sikumtaja mtu. Akasema mtoto asirudishwe mahali hapo kama palivyo, kifua hiki hakitastahimili mara ya pili. Mama mkwe alisikia yote. Alikuwa anakunja shuka, akaikunja, akaikunjua, akaikunja.

Mchana nikamtafuta sikumwona. Baadaye Opio akapiga simu kutoka nyumbani. Mama yake amefika, amepanda juu ya meza na kiti juu ya meza, anang'oa magunia kwenye matundu moja baada ya jingine. Amemkataza asimsaidie. Amemkataza hata kumshikia kiti.

Jumatano, 21 Mei

Tumerudi nyumbani. Kwa dirisha, naam, mlango bado una wenyewe. Safari hii Opio aliweka kigoda nje na kingine ndani.

Nyumba si ile. Kwenye matundu kuna vipande vya neti kuukuu, mbu wanabaki nje na hewa inapita. Madirisha yanafunguliwa mvua ikikatika, yanafungwa jua likishuka. Jiko limehamia jikoni kwa Mama, kwenye kibanda chake cha zamani cha nyasi, na sufuria imelifuata. Nepi nazo zinakaukia huko, juu ya moto, macho ya watu hayazioni. Hilo la nepi alilibuni mwenyewe. Mimi kichwa changu hakikufika hapo, na nilimwambia.

Hata hivyo vita havijaisha. Plasta bado inatoa maji yake, na itatoa mpaka kiangazi. Kila asubuhi tunapangusa. Tunageuza magodoro. Tunasugua pembe ambazo kuvu inapenda kurudi. Jana alininyang'anya kitambaa, eti mimi napangusa kama mtu anayepaka mafuta. Akapangusa yeye, kwa nguvu kama anadaiwa. Chumvi ya asubuhi ilikuwa na unyevu tu, hakuna kidimbwi.

"Naona?" nikamwambia, kwa Kiswahili chake.

"Naona," akajibu. Halafu akaongeza kwamba bado ni chumvi mbovu.

Jumapili, 1 Juni

Jana watu wa kwetu walikuja. Matanga yamekwisha, wamejisafisha. Ngoma, vigelegele, na nyimbo za matusi ambazo kanisani hazifai lakini kwa mapacha ni baraka. Shangazi akaupiga mlango teke ukafunguka. Nikatoka na wanangu kwa mlango, kama mtu. Jua liliniumiza macho.

Leo kimya. Wageni wamevuka mpaka kurudi kwao. Uani kumejaa majani yaliyokanyagwa. Mlango uko wazi, madirisha yako wazi, na upepo unaingia huku ukitokea kule. Asubuhi niliweka sikio kwenye kifua cha Odongo nikasikiliza sana. Hakina sauti, ni moyo tu.

Baada ya ibada nilikwenda kuchemsha chai kibandani kwa Mama mkwe. Yeye alikuwa ameketi kibarazani, amempakata mtoto, anamkanda miguu kwa mafuta. Hakujua kwamba namwona. Nikamsikia akimwita Odongo.

Nilisimama. Tangu azaliwe alikuwa akisema huyu mdogo, huyu mwingine, huyu wa pili. Nilizoea mpaka sikusikia tena. Leo kaliita jina. Akaliita tena, polepole, na mtoto akamgeuzia uso. Chai ikafurika ikazima moto, nami nikaiacha.