Kwenye Kompyuta Hakuna Matanga

Jumanne, 14 Agosti 2001

Leo sitaficha kitu, ingawa nimechoka.

Kaka Rashidi yuko kidato cha nne, lakini badala ya kwenda tuisheni anashinda kwenye duka la kompyuta, akicheza mchezo wa magenge ya majambazi yanayogombea mji. Tuliwekeana sharti: nikimshinda, arudi tuisheni, akinishinda, nisimwambie Mama.

Nilikaribia kushinda. Mitaa karibu yote ilikuwa yangu. Kisha mtoto wa mkuu wa genge lake akauawa, likaonyeshwa jeneza, nami nikawazuia vijana wangu. Nyumba yenye msiba haivamiwi. Baba alipofariki, hata mshindani wake wa sokoni alifunga duka akaja kukaa matanga nasi.

Kaka hakungoja. Alinimaliza.

"Mdogo wangu, kwenye kompyuta hakuna matanga!" Alicheka mpaka mwenye duka akamnyamazisha.

Jioni Mama akamuuliza Kaka, "Tuisheni inaendeleaje?"

"Vizuri, Mama."

Mimi nikainamia ugali. Ahadi ni ahadi, lakini mtihani ni Oktoba, na Mama...

Kaka, nauchana ukurasa huu na kuuweka ndani ya kiatu chako, maana daftari lako la shule hulifungui. Utamwambia Mama mwenyewe kabla ya chai ya asubuhi?