Njia ya Ekai

Kakuma, 2013

Dada Nafula,

Ejok! Ndivyo wanavyosalimiana huku, ila leo sina hata raha ya salamu. Vumbi limeingia mpaka kwenye chai.

Unajua nilikuja kusaidia wenyeji kuchora ramani ya njia zao. Jana nilitembea na Mama Ekai, anayetuonyesha njia. Nikaona mavi ya mbuzi chini, nikaandika "njia ya mifugo" kwenye kifaa changu cha ramani, nikatuma. Akauliza nimeandika nini. Nikamwambia.

"Mbuzi gani? Hii ni Njia ya Ekai, kijana yangu ya kwanza. Tulimbeba hapa kwenda hospitali, akatufia njiani. Mbuzi walikuja nyuma yetu."

Nikampigia mkubwa wangu wa kazi simu turekebishe. Akacheka, eti tukiandika kila marehemu, ramani itakuwa makaburi. Mama Ekai alikuwa kando yangu, akasikia kila neno. Nami nikajibu "Sawa", nikakata simu, Dada.

Wakumbatie watoto wote. Na ile njia ya mtoni tuliyombebea marehemu Baba, akija mtu na kifaa kama changu, mwambie jina la Baba kabla hajatazama chini.

Ndugu yako,
Wafula