Kifaru Hupita Mara ya Kwanza

4 Machi

Dada yangu,

Kabla hujaniuliza hali, kaa chini kwanza. Barua hii imeandikwa na fundi bora kuliko wote waliowahi kulala chini ya gari. Sijisifu, natoa taarifa tu. Injini zikinisikia nakohoa zinajipanga zenyewe.

Kifaru amepita ukaguzi! Mara ya kwanza, bila kurudishwa, mwaka wa nne mfululizo tangu ututumie gari hili. Magari makubwa ya rika lake yakienda kumi, saba yanarudi nyumbani yameinamisha vichwa: hili taa moja inatazama mawinguni, lile linavuja mafuta kama mtoto mwenye mafua. Mkaguzi aliingia shimoni chini ya gari na tochi, akagonga huku, akatikisa kule, akatoka hajaandika kosa hata moja. Kwenye rola za kupimia, breki zilishika kama mama anavyomshika mtoto barabarani. Akauliza, "Fundi wa gari hili nani?" Baba alikuwa kiti cha mbele na kofia yake, akaniwahi: "Huyu hapa. Shule ilimshinda, hili halijamshinda." Mkaguzi alicheka mpaka kalamu ikamponyoka.

Baba yupo, kwa kiasi chake. Kila Jumanne na Ijumaa nampeleka kusafishwa damu, maana figo zimeshastaafu. Kwenye basi hawezi tena, kile kidaraja cha kupandia kinamshinda. Bila stika ya ukaguzi askari watalishika gari, na bila gari baba hafiki. Kwa hiyo unaona mwenyewe nani anayebeba nyumba hii.

Wewe je? Shemeji mzima? Baridi imekuachia vidole? Ulisema niandike barua badala ya kupiga kelele kwenye simu, ili mkono usisahau shule. Haya, mkono umekumbuka, ila umechoka.

Mdogo wako, Fundi Mkuu


27 Machi

Mdogo wangu Fundi Mkuu, bingwa wa kujisifu,

Sisi wazima. Vidole ninavyo vyote kumi, japo sabuni ya chumba cha kufulia imevichubua. Barua yako niliwasomea wenzangu huku tunakunja mashuka, nikiwatafsiria. Kuna mmoja anataka umwoe. Nimemwambia asubiri kwanza uoge grisi.

Nimefurahi Kifaru amepita. Kila mwaka ukaguzi ukikaribia nahesabu siku. Gari lina miaka kumi na tisa, mdogo wangu. Nilipolinunua nililiona kwenye picha tu. Usishindane na wakaguzi. Wewe hakikisha tu baba anafika. Mwambie nikipata makaratasi yangu ya kuishi huku nakuja, nakaa kiti cha nyuma, na yeye aniulize maswali yake yote mpaka achoke.

Bado anaficha chumvi chini ya mto? Mnyang'anye.

Dada yako


12 Februari

Dada,

Hujambo? Mimi sijambo, na ndiyo hali yangu ya kawaida.

Baba miguu inavimba kidogo, lakini mdomo haujavimba: jana amenitukana vizuri sana nilipomnyang'anya chumvi. Anakusalimu. Anauliza kama huko mnafua hata Jumapili.

Ukaguzi ni Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe ishirini na mbili. Huku gereji wananiita Fundi Mdomo, basi nimewafunga midomo yao. Nimesema mbele ya wote: Kifaru akipita mara ya tano bila kurudishwa, mwenye gereji ataniita "Fundi" mbele ya wateja mwaka mzima. Akirudishwa, nashika ufagio. Wamecheka. Wacheke tu. Nitafungua kila kitu, breki za nyuma, bushi, magurudumu yote, nisafishe mpaka mkaguzi auone uso wake mle shimoni. Kazi hiyo naifanyia nyumbani, nisije nikaibiwa ujuzi.

Baba anasema, "Lilikuwa linapita hata bila mbwembwe." Wazee bwana!

Mdogo wako


3 Machi

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi. Pole. Na mimi nipe pole.

Nimemzika baba nikiwa chumba cha kufulia. Baba mdogo alinipigia, akaishika simu juu pale kaburini. Wenzangu walizima mashine zote ili nisikie. Hazizimwagi zile mashine. Nikasikia koleo, nikasikia watu wanakohoa, halafu simu ikakatika. Makaratasi hayajatoka, nikiondoka huku sirudi. Unalijua hilo, lakini nalisema tena, kama vile kuna mtu ananiuliza.

Baba mdogo anasema mlichelewa kufika hospitali, na kwamba wewe huongei na mtu. Wewe, huongei! Niambie mimi basi. Ile Jumatano gari lilikuwa wapi?

Dada yako


20 Machi

Dada,

Pole sana nawe.

Gari liligoma kuwaka. Nilihangaika nalo zaidi ya saa nzima. Lilipokubali, muda ulikuwa umekwenda.

Hayo ndiyo yaliyotokea.

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini unakula. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Ngoja nikwambie jambo ambalo hata shemeji yako hakulijua. Siku ile ya kununua kulikuwa na magari mawili. Moja jipya kidogo, jingine ni Kifaru. Nilichagua lile kuukuu ili nibakize nauli ya kuja kumwona baba. Nauli ninayo mpaka leo, ipo ndani ya soksi. Sikuja, na gari nililomchagulia limemwangusha siku aliyolihitaji.

Wewe usijilaumu hata kidogo. Ulilihudumia gari bovu kwa miaka yote hiyo. Aliyelituma huko ni mimi.

Liuze. Sitaki kulisikia tena.

Dada yako


24 Februari

Dada yangu,

Nakusalimu tena, ingawa barua zangu tatu hujazijibu. Sikulaumu. Shemeji amenipigia. Anasema unafua zamu mbili, chakula unakichezea tu, na ukiona gari kubwa la kijivu barabarani unavuka upande wa pili. Anasema unarudia neno moja: "Mimi ndiye niliyemchagulia."

Mwaka mzima nilikuwa nasogeza tu siku. Mwishowe nikaamua kuliuza kama ulivyosema, na kwa kuwa mnunuzi anataka stika, wiki iliyopita nililipeleka kwenye ukaguzi. Limepita mara ya kwanza. Jana akaja mnunuzi, mwalimu mstaafu. Akalizunguka, akapiga tairi teke kama wanavyofanya wote, akaniuliza, "Kijana, gari la umri huu, asubuhi linawaka kweli?" Unaujua mdomo wangu. Ukamjibu kabla sijaushika: "Mzee, miaka yote hii halijawahi kukataa kuwaka hata siku moja!" Akafurahi. Mimi nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Mtu nisiyemjua nimempa ukweli, wewe nimekunyima.

Gari halikugoma, dada. Ile Jumatano nilikuwa nimelipandisha juu ya matofali, magurudumu yote manne yako chini, breki za nyuma nimezitandaza kwenye gunia. Ukaguzi ulikuwa kesho yake. Saa nne asubuhi baba akaanza kuhema. Nikamkalisha barazani nikarudi kufunga. Nati zikapotea kwenye majani, nikafunga kitu upande usio wake, nikafungua tena. Ilinichukua saa nzima na dakika kumi. Hospitalini daktari akasema maji yamejaa mapafuni, na kwamba tungefika mapema pengine wangeyatoa.

Hata hilo ningekwambia zamani. Gari lolote hufunguliwa, na ugonjwa haubishi hodi. Ila kuna jingine, na analijua jirani yetu mshonaji peke yake, naye hajamwambia mtu. Mama yule alimsikia baba anavyohema. Akaja na kigari cha mkwewe, injini inanguruma, akaufungua mlango mwenyewe. "Mlete mzee, haraka!" Nikakitazama kile kigari. Nikawafikiria wale wa gereji. Nikamwambia, "Asante mama, baba ana gari lake. Nipe nusu saa tu."

Akanifokea, akasema nina wazimu. Baba akainua mkono, pumzi hana, akasema, "Mwache mwanangu amalize." Jirani akasubiri kidogo. Kisha akazima injini.

Ulichagua gari zuri, dada. Siku ile mlango wa gari jingine ulikuwa wazi, hatua kumi kutoka kiti cha baba, na mimi ndiye niliyesema hapana.

Mdogo wako