Pumzi ya Mzee Magesa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu na lile goti limeacha kukusumbua. Mvua za huko Tukuyu zimepungua, au bado mnaanika nguo jikoni? Baba mdogo aliniambia viazi vimekubali mwaka huu, nikafurahi. Mimi mwili ni mzima. Juzi kwenye simu uliniuliza mbona sauti imepooza, nikakujibu ni mafua. Hayakuwa mafua, mama. Nilikuwa mbele ya watu nikashindwa kusema, ndiyo maana nakuandikia.

Kazi niliyoifuata huku Mwanza unaijua kidogo tu. Bwana Idrisa, mwenye karakana yetu hapa Mirongo, anataka tutengeneze kifaa cha kuvutia mvuke wa dawa, kwa ajili ya wagonjwa wa kifua. Hakina kitufe. Mgonjwa anakiweka mdomoni na kuvuta pumzi, na ndani kuna kihisi, kidude kidogo kuliko punje ya mchele, kinachotambua kwamba hewa imepita. Hapo taa inawaka na dawa inapashwa moto mpaka inatoa mvuke. Kazi yangu ni hicho kihisi. Nikikifanya kizito, mgonjwa dhaifu atavuta mpaka achoke bila kupata kitu. Nikikifanya chepesi mno, kitawaka hata mtu akibamiza mlango.

Kwa hiyo nilihitaji mtu mwenye pumzi ndogo, nikampata Mzee Magesa. Ni Mjita aliyehamia Igombe, ufukweni, akakausha samaki kwa moshi miaka mingi mpaka moshi ukamharibu mapafu. Alikuwa akija na mkewe, Mama Nyangeta, wanakaa kwenye benchi letu. Mzee alipenda utani. "Wewe Mnyakyusa," ananiambia, "leo nimekuletea upepo kidogo tu, usiumalize."

Kila alipovuta, kompyuta ilichora mstari. Pumzi yake ilikuwa na mwendo wake: mvuto mfupi, mwingine mfupi, anasimama kama mtu anayesikiliza kitu, kisha mmoja mrefu unaotetemeka mwishoni. Nilikirekebisha kihisi mpaka kikamtambua. Siku kifaa kilipomwakia kwa mara ya kwanza, alicheka hadi akakohoa.

Wiki hiyohiyo akafariki. Nilikwenda Igombe kumzika.

Niliporudi kazini, kifaa alichokuwa akitumia kilikuwa bado rafuni, hakuna aliyekigusa. Mchana mmoja jua likiwa kali, niko peke yangu nakula, nikaona mwanga pembeni. Taa yake iliwaka, ikazimika. Ikawaka tena, ikazimika. Kimya. Kisha ikawaka ikakaa, na kabla ya kuzimika ikatetemeka.

Nilibaki na tonge mkononi, mama. Sikulila.

Nikajiambia ni upepo wa ziwani. Nikafunga madirisha, nikazima feni. Kesho yake mchana, tena vilevile. Nikakitia ndani ya chupa ya kioo na kuubana mfuniko kwa gundi. Kikawaka humo ndani, pasipo upepo wala mtu. Nikakiunganisha na kompyuta, nikauweka mstari mpya juu ya mstari wa marehemu. Mistari ikalaliana kama mmoja.

Nilimwita Bwana Idrisa aone. Aliangalia, akanong'ona astaghfirullah, kisha akasema taratibu, "Atupele, hiki kikijiwasha mfukoni mwa mgonjwa kitamuunguza. Kifanye kizito, tumalize."

"Nikikifanya kizito, watu kama Mzee Magesa hawatakiweza," nikamwambia. "Na ndio tunaowatengenezea."

Halafu akasema, "Basi tafuta. Ila usipopata sababu, kazi hii naifunga."

Nilitafuta kwa woga, lakini nilitafuta. Nikagundua kwamba kinawaka pale tu bati la paa linapopata moto. Nikakifungua chini ya kioo cha kukuzia, na ndani ya njia ya hewa nikakuta tone la maji, dogo kama kichwa cha pini. Lilikuwa limeziba njia. Hewa iliyonaswa nyuma yake ikipata joto inatanuka, inalisukuma kidogo, inalisukuma tena, kisha inapenya. Nilicheka peke yangu kwa nafuu niliyoipata, nikakifunga vilevile na tone lake na kukirudisha rafuni. Kwenye vifaa vipya nikapanua njia na kutengeneza kona ya kunasia maji, kihisi nikakiacha chepesi vilevile. Havikujiwasha hata kimoja.

Lakini habari zilikuwa zimeshafika Igombe. Mama Nyangeta akaja, akakaa kwenye benchi lilelile.

"Nimesikia mzee wangu bado anavuta hapa kwenu."

"Hapana, mama. Ni maji tu," nikasema, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Maji hayo yameingiaje?"

Sikutaka kujibu. "Mtu akipumua, unyevu wa pumzi yake unageuka maji."

"Na nani mwingine alikitumia hicho?"

"Hakuna. Ni yeye peke yake."

Jua lilikuwa limeshafika juu ya bati. Taa ikawaka, na Mama Nyangeta akavuta pumzi pamoja nayo. Mfupi. Mfupi. Taa na pumzi yake vikatulia pamoja. Kisha ule mrefu.

"Usiyafute," akaniambia.

Nikakata nyaya za kupashia moto ili kisije kikaunguza kitu, nikaiacha taa na betri yake ndogo, nikampa. Akakifunga kwenye pindo la kitenge, akaondoka.

Kazi imekwenda vizuri tangu hapo. Mama mmoja kutoka Misungwi, ambaye hawezi hata kuzima kibiriti kwa pumzi, alivuta kifaa kipya kikawaka, akalia. Bwana Idrisa amefurahi.

Ila tone kama lile, kwa joto la huku, lilipaswa kukauka ndani ya siku chache tu. Betri nayo ilipaswa kuwa imekwisha. Jumapili nilimpigia Mama Nyangeta, nikiwa nimeandaa maneno ya kumpa pole kwamba kimezimika. Akaniambia kinaendelea, tena sasa hakingojei jua. Kinaanza saa ile aliyozoea mzee kurudi kutoka kwenye tanuri la samaki.

"Na siku hizi anavuta vizuri," akasema. "Ule mtetemo umeisha."

Amenikaribisha nikaone. Nimemwambia nina kazi nyingi.

Nisalimie baba mdogo na mkewe, na bibi, umwambie shuka aliyonipa naitumia. Msalimie dada Tusekile na wanawe. Ambakisye, mdogo wangu, mwambie nimefurahi kusikia anasoma.

Ukisali, mama, mtaje Mzee Magesa kwa jina. Mimi nimejaribu, lakini sijui nimwombee apumzike au aendelee kuvuta.

Mwanao anayekuwaza,
Atupele