Aliyeingia Ndani ya Nyumba

3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Sisi wazima. Mama anauliza kama bado unakula umesimama.

Nina swali la kazi. Mimi bado ni mwanagenzi wa uthamini wa nyumba, sina leseni. Naingia majumbani mwa watu, napima vyumba kwa futi, nagonga kuta, naandika. Bosi, ambaye ofisini tunamwita Muhuri, habanduki kitini, anatia sahihi tu chini ya maneno “nimeikagua nyumba hii mwenyewe.” Wiki jana niliandika kuwa ukuta wa nyuma wa nyumba moja una ufa unaopitisha kiganja. Ripoti ikaenda benki bila ufa. Nikaomba walau jina langu liwepo. Akacheka: “Mwanagenzi hana jina. Ana futi.”

Ni kweli siruhusiwi kutia sahihi? Nikimkera, hatathibitisha saa zangu za mafunzo, na bila hizo hakuna leseni. Nimebakiza miezi miwili kutimiza miaka miwili.

Mpwa wako


19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti lina kiburi, ila linatembea. Mwambie mama yako nimenunua kiti.

Sheria za huku ugenini na za kwenu hutofautiana, kwa hiyo za kwenu zisome mwenyewe, usisomewe. Nilivyofundishwa mimi, mwanagenzi hatii sahihi peke yake. Anaweza kutia kando ya mwenye leseni, ikiandikwa wazi kuwa ni mwanagenzi na kazi gani aliifanya. Mwenye leseni ndiye anayeibeba ripoti nzima. Watu hudhani sahihi ni pambo. Sahihi ni njia ya kukupata siku ukuta ukianguka.

Mwandikie bosi wako hayo kwa karatasi. Neno la mdomo halina nakala. Atakasirika; mwache, hasira haijamuua mtu aliyeelekezewa.

Mjomba wako


8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilimwandikia. Siku tatu hakunisalimu. Kisha benki ikapiga simu: mnunuzi ameuona ufa. Mchana huohuo Muhuri akanivutia kiti, akaniuliza habari za mama, ambaye hamjui. Mezani palikuwa na ripoti ileile isiyo na ufa, imechapwa upya kwa tarehe ya zamani. Jina lake limeondoka. Mahali pake pana langu, na hakuna herufi iliyokosewa.

Akasema sasa nimekomaa, nitie sahihi. Nikamwambia, “Juzi sikuwa na jina. Leo umelitoa wapi?” Akaniambia nisijitie ujuaji, daftari langu la saa liko kwenye droo yake.

Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni: “Nilipima mimi. Ufa niliuripoti tarehe 24 Februari. Sitii sahihi.” Nakala moja nikaipeleka benki mwenyewe, pamoja na vipimo vyangu; nyingine nikabaki nayo.

Daftari amelichana mbele yangu. Nimefukuzwa. Mama ananitazama tu kama mgeni aliyekuja na mzigo. Sina saa hata moja, Mjomba, na sijutii.

Mpwa wako


30 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini unakula na unalala. Mimi silali vizuri, na sababu ni wewe.

Ushauri ule niliutoa bila kuwahi kuutumia. Nilipofika nchi hii, vyeti vyangu vilionekana makaratasi tu, nikawa mwanagenzi upya na mvi kichwani. Miaka kumi na moja niliingia nyumba za watu na futi, mtu mwingine akaapa kuwa aliingia yeye. Kwenu niliandika kuwa mimi ni mthamini, na mama yako amejisifu kwa majirani hadi leo. Nilinyamaza ili nipate leseni. Leseni sikupata, nikazoea kunyamaza.

Wewe umepoteza miaka miwili tu. Tafuta mwenye leseni anayepanda ngazi mwenyewe, uanze naye saa ya kwanza. Akiuliza kwa nini ulifukuzwa, mpe nakala ile asome.

Barua hii msomee mama yako, yote, usiruke mstari. Akikasirika, ajue pa kunipata.

Mjomba wako, mshika futi